Baba Hataki Usome Falsafa? Nisikilize Mimi Kwanza

Wiki iliyopita kaniandikia mdogo wangu mmoja wa Konde, Pemba. Amepata nafasi katika chuo cha jamii kule Marekani, anakoishi shangazi yake. Anataka kusoma falsafa na fasihi, na baba yake kamwambia achague uuguzi au abaki nyumbani. Nimeusoma ujumbe wake nikaumia, maana maneno hayo nayajua. Mimi niliambiwa barazani Wete, mbele ya watu, na ami yangu: "Hiyo falsafa inauzwa kilo shilingi ngapi?" Watu wakacheka. Kicheko kile hakijanitoka mpaka leo.

Nikaenda. Vyuo hivi vya miaka miwili havina mchujo mkali. Ukiwa na cheti cha sekondari vingi vinakupokea, unapimwa Kiingereza na hesabu, unaanza. Unahitaji krediti, yaani vipimo vya kuhesabia masomo, 60 hivi, somo moja kwa kawaida krediti 3, halafu unahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Mwenye viza ya mwanafunzi hulipa zaidi kuliko mkaazi, na kwa muhula asipungue krediti 12. Ya baridi na upweke siyaelezi, mmeshayasikia.

Ninachotaka kueleza ni siku mwalimu alipotugawia kurasa mbili za Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu. Jina hilo nimekua nalo, nikilisikia kwenye darsa baina ya magharibi na isha. Darasa zima hakuna mwengine aliyelijua. Hoja yenyewe ni ya moto na pamba. Pamba ikiguswa na moto huungua, lakini jicho limeona nini hasa? Limeona kuungua kunafuatana na kuguswa. Halikuona kwamba moto ndio unaounguza. Mwenye kuunguza, anasema, ni Mungu. Al-Ghazali alifariki 1111. Baadaye Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu wa Cordoba, Hispania, akamjibu kwamba anayekataa sababu ameikataa akili yenyewe. Na David Hume, mwanafalsafa Mskochi aliyezaliwa 1711, akauliza swali linalokaribiana sana na hilo, ila jibu lake hakulipeleka kwa Mungu. Nilinyoosha mkono nikazungumza mpaka muda ukaisha. Tangu siku ile sikukaa tena kiti cha nyuma.

Kwa hiyo kwanza, usiende ukidhani unatoka mikono mitupu. Uliyosoma chuo cha Kur'ani, mashairi uliyohifadhi, hukumu za wazee ulizozisikia, vyote ni mtaji. Pili, soma polepole. Ukurasa mmoja wa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, unaweza kukumaliza jioni nzima. Rudia. Tatu ni hilohilo: rudia, kisha andika. Insha yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu pembeni, karibu kila aya neno moja tu: "Ushahidi?"

Mwaka jana ami yuleyule alinijia na bahasha ya kaki. Mgogoro wa shamba la mikarafuu la urithi. Barua kaiandika mwenyewe, kurasa tano za hasira. Tukakaa. Kila sentensi nikamuuliza: hili umeliona au umeambiwa? Aliyeona nani? Yuko hai? Zikabaki kurasa mbili, na kwa sheha zikasomwa mpaka mwisho. Habari ya kilo hakuitaja. Nami sikumkumbusha, lakini sikusahau.

Wazee wetu, uuguzi ni kazi tukufu na anayeupenda ausome. Lakini kila siku tunalalamika vijana wanachukuliwa na kila uvumi wa kwenye simu, kisha akitokea mmoja anataka kujifunza kuyapima maneno tunamwambia hakuna ajira. Msiwavunje moyo watoto. Waacheni wasome.

Na wewe mdogo wangu, kabla hujalipa hata senti, pata kwa maandishi kutoka chuo kikuu unachotaka kuhamia kwamba krediti za masomo hayo wanazipokea. Nimeona wenzangu wakipoteza muhula mzima kwa kusadiki maneno ya mdomo. Tunza na silabasi zako zote, maana shahada ya nje ukirudi nayo hupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa. Mzee wako msalimie sana. Mwambie nipo Wete, akitaka tuzungumze karibu nyumbani.