Mgonjwa wa presha na sukari apelekwe wapi, kituo cha kijijini au hospitali kubwa?

Jamani ndugu zangu wa Unguja wananiuliza kila siku kwanini mama nampeleka kituo cha kijijini huku kwetu kaskazini Pemba wakati gari za Wete hazikatiki na hospitali ipo, sasa nikaona bora niandike, mana wengi wanaamini jengo likiwa kubwa na matibabu yanakuwa bora zaidi.

Mama ana presha na sukari, haya si maradhi ya sindano moja ukapona. Mgonjwa wa hivi kinachomfaa kwanza ni kuonwa na mtu yule yule. Pale kituoni nesi keshamjua, mama akiingia tu anaulizwa "bi mkubwa, mbona miguu imevimba leo?" hata mashine ya presha haijafungwa mkononi, anajua dawa ipi ilimletea kikohozi kikavu, anajua Ramadhani ikikaribia lazima wakae wapange upya saa za kumeza vidonge. Kwenye hospitali moja kubwa kila tukienda daktari mwengine, anaanza upya "unaumwa nini mama", na ile dawa iliyomletea kikohozi akaandikiwa tena mana hakuna aliyekuwa na habari. Siwalaumu, foleni ile mtu ana dakika ngapi za kukusikiliza?

Na si huku kwetu tu. Norwei karibu kila mtu ana daktari wake aliyejiandikisha kwake, wakafanya utafiti wakaona waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 uwezekano wa kufa ulikuwa chini kwa kama asilimia 25, na kulazwa kwa dharura kwa asilimia 28, ukilinganisha na waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Kwangu mimi hiyo ni tiba kamili, na haihitaji mashine.

Lakini nisikudanganyeni, udogo nao una tabu zake. Kituo chenye wahudumu wawili, mmoja kenda semina mwengine anaumwa, basi siku hiyo mmeshakosa, na vidonge vikimalizika ndo mnakwenda kununua duka la dawa. Kipimo cha figo na macho, ambacho mwenye sukari anatakiwa apimwe hata mara moja kwa mwaka, huko lazima hospitali. Na mtu mdomo ukienda upande, au mkono ukikosa nguvu ghafla, au kifua kikambana, msipitie kituoni kabisa, tafuteni gari hapo hapo hata kama usiku wa manane.

Kwahivyo sisi tunatumia pote. Presha na sukari za kila mwezi kituoni, tunakwenda asubuhi siku isiyokuwa ya kliniki ya watoto, nesi anapata nafasi ya kuzungumza. Daftari moja tu, msinunue jipya kila mnapokwenda! Ukurasa wa mwanzo niliandika kwa kalamu nyekundu dawa zinazomdhuru, daktari yeyote akifungua anaziona. Mkipewa rufaa nendeni, tena ombeni mwandikiwe walichokiona na dozi mpya, halafu mkirudi mpelekeeni nesi siku ya pili yake aisome, mana yeye ndo atakaemuona mama mwezi ujao.