Mapera yamezidi nyuma ya nyumba: tufanyeje?

SWALI: Mhariri mpendwa, nyuma ya nyumba tuliyoachiwa na mama mkwe hapa Vihiga palikuwa na mpera mmoja, ule wa mapera mekundu ndani. Sasa mipera imeenea hadi mpakani na kwenye kipande tulichokilaza kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Nikiikata huchipua tena, na msimu ukifika mapera huoza chini hadi uwanja mzima ukanuka. Mume wangu anataka tuing'oe yote, lakini mimi naona ni chakula kinachopotea. Je, inafaa kuiacha? Na mapera mengi kiasi hiki mtu huyafanyia nini zaidi ya kuyala?
Mama wa nyumbani, Vihiga

JIBU: Mama, hoja yako na ya mzee zinaweza kukaa pamoja, maana mpera ni mti wa chakula na wakati huo huo ni mti vamizi, na sifa zote mbili zinatokana na jambo moja: unazaa kwa wingi, na kila kiumbe kinachopita hupenda kula matunda yake. Asili ya mpera si kwetu. Ulitoka katika nchi za joto za Amerika, na ni baada ya Wahispania na Wareno kufika huko, kuanzia karne ya 16, ndipo ulipoanza kusafirishwa hadi Asia na Afrika. Tumeuzoea kiasi cha kudhani kwamba ulikuwapo tangu zama za mababu, lakini katika visiwa vya Galápagos na Hawaii unahesabiwa miongoni mwa miti inayoisonga mimea ya asili, na Afrika Kusini imeuweka katika orodha ya mimea vamizi kwenye baadhi ya majimbo yake.

Pera moja huwa na mbegu nyingi, mara nyingine mamia. Shorewanda, kuzumburu, popo na tumbili huzila pamoja na nyama ya tunda na kuzidondosha mbali na mti mama. Ng'ombe naye, akiokota mapera yaliyoanguka, mbegu hupita tumboni mwake zikiwa hai na kutoka ndani ya samadi, yaani zinapandwa zikiwa tayari zimewekewa mbolea. Bila shaka hii ndiyo sababu kipande chenu cha malisho kimejaa upesi kuliko mahali pengine, kwa kuwa pana jua la kutosha na mpera hupenda jua. Mche uliojiotea hivyo huweza kuanza kuzaa kati ya mwaka wa pili na wa nne, na hapo mzunguko unaanza upya.

Ushauri wangu ni kwamba mbakize mpera mmoja, au miwili ikiwa familia ni kubwa, karibu na jikoni ambako mtu hupita kila siku, kisha iliyobaki yote iondolewe. Idadi ya kubaki ipimwe kwa mikono inayovuna, wala si kwa ukubwa wa shamba. Mti ambao hakuna anayefika kuuvuna unawalisha ndege, nao ndege wanawapandia majirani. Huo mtakaoubakiza mwupunguze kimo kila baada ya mavuno ili matunda yote yafikiwe kwa mkono au kwa upondo mfupi, kwa sababu mapera ya kileleni ndiyo yanayoishia kwa popo.

Kuhusu kuuondoa, umeona mwenyewe kwamba kuukata usawa wa ardhi ni sawa na kuupogoa tu. Miche isiyozidi kimo cha goti ing'olewe kwa mkono asubuhi inayofuata mvua kubwa, wakati udongo umelainika na mzizi unatoka mzima. Mti mkubwa unahitaji sururu na subira: uchimbwe pande zote, mizizi minene ya pembeni ikatwe na kutolewa, na kisiki king'olewe, kwa kuwa vipande vya mizizi vilivyoachwa ardhini navyo huchipua. Pale ambapo kisiki hakitoki, machipukizi yapukutishwe kila yanapojitokeza, bila kuyapa nafasi ya kufanya majani mapana, hadi kisiki kichoke. Au umwombe afisa wa kilimo wa wadi yako akueleze dawa ya magugu inayopakwa juu ya kisiki mara tu baada ya kukikata. Kisha eneo hilo lisiachwe wazi. Ukipanda majani ya malisho yakafunga ardhi vizuri, miche mipya ya mpera itakosa mwanga na mingi itakufa yenyewe, ingawa itakubidi uendelee kukagua kwa misimu kadhaa.

Kabla ya kuangusha mpera wowote mkubwa uliosimama katikati ya shamba, ninakuomba upige goti uangalie kilichoota chini yake. Utafiti uliofanywa kwenye mashamba yanayouzunguka Msitu wa Kakamega, ambao ni jirani zenu, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba chini ya mipera ya mashambani huota miche ya miti ya msituni, kwa sababu ndege wanaokuja kula mapera hudondosha mbegu za matunda waliyoyala kwingine. Ni haki mti huu utambuliwe kwa wema huo. Ukikuta miche ya namna hiyo, ihamishie mpakani au uizungushie vijiti, ndipo uukate mpera. Mbao zake nazo zisitupwe, kwani ni ngumu, zinatoa mipini mizuri ya majembe na shoka, na kuni zake hudumu motoni.

Sasa tuje jikoni. Mapera yana vitamini C kwa wingi ambao wengi hatuufikirii: gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228, ilhali gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 53. Nashangaa tunavyonunua machungwa ya mbali huku mapera yakioza mlangoni. Vuna kila asubuhi msimu unapokolea, ukichagua yaliyogeuka kutoka kijani kwenda manjano na kutoa harufu, yanayobonyea kidogo kwa kidole gumba. Lenye kitone kama cha sindano kilichozungukwa na rangi ya kahawia lipasue kwanza, maana mara nyingi ndani kuna funza. Usiokote kwenye mti uliosimama kando ya mfereji wa maji machafu au shamba lililopuliziwa dawa hivi karibuni.

Kwa wingi ulionao, jamu ndiyo itakayokusaidia zaidi. Osha mapera yaliyoiva, uchanganye na machache ambayo bado ni magumu, kwa sababu tunda ambalo halijaiva sana lina pektini nyingi zaidi, na pektini ndiyo inayoifanya jamu igande. Yakate vipande bila kumenya, uyatie kwenye sufuria na maji ya kuyafunika tu, uyachemshe kwa takriban nusu saa hadi yalainike kabisa. Yasage kwa mwiko juu ya chujio la waya ili uji upite na mbegu zibaki. Kwa kila kikombe cha uji huo weka robo tatu ya kikombe cha sukari, pamoja na maji ya ndimu moja kwa kila vikombe vinne, kisha urudishe motoni na ukoroge mfululizo, kwa kuwa jamu ya mapera huungua chini upesi na kurusha matone yanayochoma mkono. Mwanzoni povu huwa jepesi na jeupe. Baadaye rangi hukolea, povu hupungua, na mwiko ukipitishwa katikati huacha njia inayochelewa kuzibika. Hapo dondosha tone kwenye sahani baridi, usubiri kidogo, ulisukume kwa kidole: likijikunja uso, jamu imeiva. Mimina ikiwa moto kwenye chupa zilizochemshwa, uzifunike mara moja.

Mbegu zilizobaki kwenye chujio zina kisa chake. Zikichemka nusu saa pamoja na tunda hazioti tena, kwa hiyo unaweza kuzitupa kwenye mboji bila wasiwasi. Ukitengeneza sharubati kwa mapera yasiyopikwa, yaliyosagwa kwenye blenda, hata hivyo, mbegu hutoka zikiwa hai. Wala usijidanganye kwa kuzimwagia maji ya moto na kuziacha: watunza vitalu hutumia mchemsho mfupi wa kama dakika tano ili kuziamsha ziote haraka. Zichemshe kikamilifu, au uzichome pamoja na takataka kavu.

SWALI: Nina michungwa na miembe Muheza. Kila mwaka matunda yanatobolewa na kuanguka yakiwa na funza. Jirani ananiambia kwamba sababu ni mipera iliyoota ovyo kwenye uzio wangu. Je, ni kweli au ni maneno tu?
Mkulima, Muheza

JIBU: Ndugu mkulima, jirani yako hajakosea, ingawa mipera si chanzo pekee. Adui yako mkubwa huenda ni nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana kwa mara ya kwanza katika eneo letu nchini Kenya mwaka 2003, na muda mfupi baadaye akathibitishwa Tanzania. Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, hutoka likishaanguka, hujichimbia kwenye udongo, na baada ya siku kadhaa hutoka nzi wapya. Nzi huyu hutaga katika matunda ya aina nyingi sana, na pera ni miongoni mwa anayoyapenda zaidi. Mipera ya uzioni huzaa hata wakati ambao maembe hayapo, kwa hiyo humpa mahali pa kuzaliana akingoja msimu wako ufike.

Ningekuwa na shamba la biashara kama lako, nisingebakiza mpera hata mmoja uzioni. Usipoweza kuing'oa yote mwaka huu, basi hakikisha kwamba hakuna pera linalolala chini usiku kucha. Okota kila jioni mapera, maembe na machungwa yaliyoanguka, uyafukie kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita na kuyafunika kwa udongo ulioshindiliwa. Njia nyingine ni kuyafungia ndani ya kitu kisichopitisha hewa na kukiacha juani kwa siku kadhaa hadi funza wafe. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 2019, tumia gunia la mbolea lenye mfuko wa ndani, au pipa lenye kifuniko kinachobana. Kuyatupa kwenye jaa, au kuyarundika chini ya mti kwa nia ya kupata mboji, ni kumfugia nzi. Mitego yenye chambo inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo husaidia kupunguza madume, lakini haitafanya kazi yake iwapo matunda mabovu yameachwa chini. Zungumza na jirani zako pia, kwa sababu nzi hawajui mpaka wa shamba.

SWALI: Mama yangu huchemsha majani machanga ya mpera na kuwapa wajukuu wanapoharisha. Je, nimzuie?
Binti, Morogoro

JIBU: Dada, usimvunjie mama heshima kwa kumkataza jambo alilorithi. Majani ya mpera yametumika kwa kuharisha katika nchi nyingi, na yana tanini, yaani viini vyenye ukakasi, zinazokausha. Hata hivyo, mtoto anayeharisha huuawa na upungufu wa maji mwilini, na maji ya majani hayarudishi chumvi alizopoteza. Kwa hiyo mtoto aanze na ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa kwa maji safi na salama, apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na aendelee kunyonya au kula. Akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, usingizi usio wa kawaida, au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Mweleze mama kwa upole kwamba ORS ndiyo inayotangulia.

SWALI: Sisi huku Pemba hatusumbuliwi na mipera bali mizambarau. Mmoja ulio uani kwetu umetapakaza miche kila mahali. Je, ushauri ni ule ule?
Msomaji, Wete

JIBU: Ndugu msomaji, miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na mkarafuu wenu, lakini mzambarau una udhaifu unaoweza kukusaidia. Mbegu yake haivumilii kukauka na hupoteza uhai katika muda wa wiki chache, kwa hiyo haibaki ardhini ikingoja mwaka ujao. Ukifagia kokwa zote chini ya mti katika kipindi cha matunda na kuing'oa miche iliyokwisha kuota, kazi ya mwakani itapungua sana, ilimradi pia uangalie chini ya miti mingine ambako popo hutua kula. Tandika mkeka wa zamani au turubai na utikise matawi asubuhi, kabla zambarau hazijaanguka zenyewe na kupasuka. Zilizoiva sana zifanye sharubati, na zile zenye ukakasi zioshe, uzitie chumvi kidogo kwenye bakuli lenye kifuniko na uzitikisetikise hadi ziachie maji, kisha uziache kwa muda kabla ya kula. Chagua turubai ambalo hutajali likiharibika, kwani doa la zambarau halitoki.