Kabla ya kuchimba shimo la magnolia, soma kibandiko

Jina la kwanza kwenye kibandiko cha mche wa magnolia, mti wa maua, halikusaidii kitu bustanini. Magnolia ni jina alilolitoa mtawa Charles Plumier mwaka 1703 kwa mti wa kisiwani Martinique, kumuenzi mtaalamu wa mimea Pierre Magnol wa Montpellier, Ufaransa, aliyekuwa bado hai. (Magnol alikuwa ametangulia kuipanga mimea kwa familia, kwa hiyo heshima hakupewa bure.) Baadaye Linnaeus, Mswidi aliyeupa kila mmea jina lake la kisayansi la maneno mawili, akaliweka jina hilo kwenye miti ya Marekani.

Linalokufaa ni jina la pili. Virginiana kwao ni kwenye vinamasi vya mashariki mwa Marekani, hivyo huvumilia udongo wa majimaji. Grandiflora, yaani wa maua makubwa, haupukutishi majani na hupita mita 20: usiupande chini ya nyaya za umeme. Soulangeana, uliozaliwa katika bustani ya Étienne Soulange-Bodin karibu na Paris, huchanua kabla ya majani. Usiku mmoja wa jalidi unatosha kuyageuza maua yote kahawia, na jua la asubuhi likiyawahi ndiyo huharibika zaidi. Usiuweke upande wa mashariki wa nyumba.

Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, kina kilekile cha donge, basi. Mizizi ya magnolia ni minene na laini. Ikikatika huchelewa kuchipua, na kwenye udongo wa baridi na maji huoza. Ndiyo maana penye majira ya baridi hupandwa baridi ikishapungua. Tandaza majani makavu sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Jembe lisifike hapo tena. Magugu yang'oe kwa mkono.

Majani yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, udongo una chokaa nyingi na mizizi inashindwa kufyonza madini ya chuma. Samadi haitibu hilo. Tafuta udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) 5.5 hadi 6.5.

Kwa mbegu, subiri tunda lipasuke, zining'inie nyekundu kwenye uzi mwembamba. Loweka siku mbili, sugua nyama yote, osha kwa tone la sabuni kutoa mafuta, maana nyama hiyo huzuia kuota. Usizianike! Zitie kwenye mfuko wa mchanga wenye unyevu kidogo, friji miezi 3, ndipo upande. Grandiflora wa mbegu unaweza kukaa miaka 10 na zaidi bila ua hata moja. Mwenye haraka anunue mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine.