Mkuu, hiyo Iver Johnson usiichovye nikeli!

Umesema umepata bastola ya kale ya Marekani, Iver Johnson ya .32 (kipimo cha risasi yake), mnadani huko Ohio, unataka kujua ni ya mwaka gani, ina thamani gani, na fundi yupi aichovye nikeli upya. Huyo fundi msahau leo hii.

Yangu niliinunua dola 85. Nikeli ilikuwa imebanduka kwenye silinda na kutu imeanza mdomoni mwa mtutu, lakini tarehe za hataza (haki za ubunifu) zilizochongwa juu ya mtutu zilisomeka vizuri kabisa. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale akaniambia, "Ikimetameta utaiuza mara tatu." Mtu mzima, ana duka lake, nikamwamini. Fundi aliisugua kwa mashine kwanza, ndipo akaichovya. Dola 140! Ikarudi inang'aa kama sufuria ya harusini, na juu ya mtutu haikubaki hata herufi moja. Kingo zote zimelika kama sabuni ya wiki nzima. Nikaipeleka kwa yule yule muuzaji, akanitajia dola 40, eti "imeharibiwa". Imeharibiwa na nani kama si mdomo wake? Mpaka leo nikipita mtaa ule damu inachemka.

Na si suala la urembo tu. Bastola hizi za Iver Johnson za kukunjika, zinazofunguka katikati ili kutia risasi, zilianza kutoka mwaka 1894, zikitumia baruti nyeusi. Toleo la kuhimili baruti isiyo na moshi lilikuja 1909. Ukiziangalia haraka zinafanana, na kuzikosea, ukaitia ya zamani risasi za baruti isiyo na moshi, ni hatari. Tena sheria ya shirikisho ya Marekani inahesabu silaha ya 1898 kurudi nyuma kuwa ya kale. Alama za kukusaidia kujua yako iko kundi lipi ndizo hizo mashine inazokula.

Kumbuka hizi zilikuwa bastola za mtu wa kipato kidogo. Leon Czolgosz alinunua yake Buffalo kwa dola 4.50, na Septemba 6, 1901 akampiga nayo risasi Rais McKinley wa Marekani. Ilikuwa ya .32 hiyo hiyo, yenye kichwa cha bundi kwenye mpini.

Hakikisha silinda haina risasi, legeza skrubu ya mpini, uondoe kibao cha kushoto. Namba ya bastola iko pale. Ipige picha pamoja na herufi yake, piga na juu ya mtutu, uzitupie hapa tuzione. Kwa sasa ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, basi.