Samaki Kipepeo: Mwone Akila Kabla ya Kumnunua

Kwa wewe unayeanza kufuga samaki wa maji ya chumvi, jambo la kwanza la kujua kuhusu samaki kipepeo ni kwamba anaweza kufa njaa huku chakula kikielea mbele ya mdomo wake. Jamii hii ina spishi zaidi ya 120, na baadhi yake hutegemea nyama ya matumbawe hai tu. Miaka ya mwanzo nilinunua Chaetodon ornatissimus, mwenye mistari ya rangi ya chungwa, nikamjaribu kwa kila chakula nilichokipata, naye akashinda akidonoa mawe bila kumeza kitu. Kufikia wiki ya tatu mnofu wa nyuma ya kichwa ulikuwa umebonyea, mgongo umekuwa mwembamba kama makali ya kisu, na sikuweza kumwokoa. Spishi hiyo, pamoja na Chaetodon meyeri na Chaetodon trifascialis, ziache baharini, hata muuzaji akuhakikishie namna gani.

Anza na Chaetodon auriga, ambaye akikomaa huwa na uzi mrefu kwenye pezi la mgongoni, au Chaetodon kleinii. Chelmon rostratus mwenye mdomo mrefu huwavutia wengi, lakini msubiri mpaka upate uzoefu. Yeyote utakayemchagua, mwombe muuzaji amlishe mbele yako, na ukiona samaki anakitazama chakula kisha anageuka, ondoka bila kumnunua. Wadogo mno pia waepuke, kwa kuwa hawana akiba mwilini na siku chache za njaa zinatosha kuwamaliza.

Anayesitasita kula, mimi humpa chaza mbichi aliyefunguliwa, nikamlaza sakafuni akiwa katika gamba lake. Samaki huinama, akachomoa nyama kidogo kidogo kwa meno yake membamba kama nywele za brashi, na akishaonja hapo huwa rahisi kumzoesha uduvi wa barafu ulioyeyushwa. Kwa kuwa baharini hudonoa mchana kutwa, mlishe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kila mara. Chakula hicho huchafua maji haraka, kwa hiyo chujio liwe na nguvu, maji yabadilishwe kwa ratiba, na tangi, ambalo kwa maoni yangu lisipungue lita 400, liwe limekwisha kukomaa kwa miezi kadhaa. Joto la nyuzi 25 au 26 na uzito wa maji wa 1.025 (yaani ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) vinamfaa, ilimradi visiyumbe. Usimchanganye na matumbawe unayoyapenda, maana hata auriga huyadonoa.

Kabla ya kumwingiza katika tangi hilo kuna karantini ya wiki nne hadi sita katika tangi la pembeni, ambako utachunguza madoa meupe yanayoletwa na Cryptocaryon irritans na minyoo ya matamvua. Dawa ya shaba iongezwe polepole huku ukiipima, kwani humkatisha samaki hamu ya kula. Ukimkuta usiku ana mabaka meusi usikimbilie dawa, kwa sababu wengi wao hubadilika rangi wanapolala. Siku ya kumhamisha, washibishe kwanza wenyeji wa tangi kubwa, zima taa, kisha mwachie taratibu karibu na mwanya wa mawe.