Kikundi cha riwaya kikikwama, jaribuni hivi

Waalaykum salaam dada wa Wete. Nimekufahamu: mko sita, mnasoma riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, waliokwisha maliza wanawapasulia wenzao mwisho, na maoni yenyewe ni "kizuri", basi.

Wekeni mpaka kwa sura, si kwa kurasa. Matoleo yakitofautiana, ukurasa wa 40 wako sio wa mwenzako. Sura mbili kwa wiki zinatosha. Aliyetangulia aseme kwanza kafika wapi, asiyefika azibe masikio.

Kisha kila mtu aje na kifungu kimoja, mistari mitatu minne, akisome kwa sauti, ndipo aseme kimempendeza au kimemkera kwa lipi. Hapo ndipo maneno yanapopatikana. Muulizane: Rashidi, mhusika mkuu, alianza kubadilika wapi, na kwa sababu ya nani? "Umeionaje?" haizai kitu.

Riwaya imesimama juu ya mgomo wa makuli, yaani wapakiaji mizigo wa bandarini, wa Unguja wa 1948, kwa hivyo siasa zitaingia tu. Mtu akiacha kitabu akaanza kumjadili jirani, mrudisheni kwenye sura. Na kama yumo anayejiandaa na mtihani, maoni ya barazani hayamtoshi; amwone mwalimu wake.