Kabla hujalipa amana ya chuo cha jimbo lingine

Kila Aprili, Mei mosi ikikaribia, siku ambayo vyuo vingi vinataka uwe umelipa amana ya kushika nafasi, simu yangu haipoi. Mdogo mmoja kakubaliwa chuo cha umma cha jimboni kwake, kakubaliwa pia cha jimbo la mbali, na moyo umeshahamia huko. Wadogo zangu, nawapenda, lakini nimechoka kuyarudia haya usiku wa manane. Someni.

1. Bei kwanza. Chuo cha umma hapa Marekani kinapata ruzuku ya jimbo, ndiyo maana mkazi anapunguziwa. University of Michigan humtoza asiye mkazi zaidi ya dola 55,000 kwa mwaka, ada peke yake. Mkazi hafikii nusu ya hiyo. Zidisha mara nne, kisha ongeza chumba na chakula.

2. "Nitakaa mwaka mmoja, nitahesabiwa mkazi." Hapa ndipo mnaponiumiza. Mdogo wangu wa tumbo moja aliondoka Minnesota na hesabu hiyohiyo, na nyumbani sote tuliiamini. Alijiandaa: leseni ya udereva ya jimbo lile, mkataba wa pango wenye jina lake, bili za umeme, kazi ya jioni ghalani. Kwenye fomu ya ukazi kulikuwa na swali: nani alikutaja kama mtegemezi kwenye kodi ya mwaka jana? Akaandika jina la mama, anwani ya Minneapolis. Jibu lilikuja aya moja: umekuja kusoma, mzazi wako anaishi kwingine. Akakata rufaa, ikagonga mwamba.

Na sheria haikuwa upande wetu. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia jimbo kumhesabu mwanafunzi kuwa si mkazi moja kwa moja bila kumpa nafasi ya kuthibitisha ukazi wake. Lakini kuthibitisha ni juu yako, na kama hujafika miaka 24 na FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa masomo, unaijaza kwa mapato ya mama, majimbo mengi yatakuhesabu unaishi anakoishi mama.

Mama akachukua mkopo wa Parent PLUS, wa serikali kuu kwa wazazi, ambao riba yake inaanza siku hela inapotoka, mtoto hata hajafungua daftari. Akaongeza zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Asubuhi alikuwa anarudi na sare, anakaa kwenye kiti cha mlangoni na viatu mguuni, kwa sababu mchana anaingia tena. Sitaki mama yako akae kwenye kiti kile.

3. Tafuta mikataba ya majimbo. Minnesota na Wisconsin wanapokezana wanafunzi kwa ada nafuu, ila lazima uombe, haiji yenyewe. Magharibi kuna WUE, mpango wa majimbo ya huko kupunguziana ada: vyuo vilivyomo havikutozi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi, japo si kila kozi imo. Texas, udhamini wa ushindani wa dola 1,000 tu unaweza kukupa ada ya mkazi.

4. Wa unesi, ulizeni kama mmechukuliwa kwenye unesi wenyewe au kwenye masomo ya awali tu. Kuna vyuo unasoma kwanza, ndipo unaomba upya na kushindana. Usilipe ada ya mgeni ukisubiri nafasi ambayo hujaahidiwa.

5. Mliokuja kwa green card, majimbo mengi yanadai miezi 12 ya kuishi humo kabla ya masomo. Familia isihame jimbo mwaka wa mwisho wa hai skuli bila kulipima hilo. Wa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kwa kawaida mtatozwa kama wageni popote, kwa hiyo linganisheni udhamini, na msome masharti ya kuubakiza mwaka wa pili.

Kama jimbo la mbali lina kozi ambayo kwenu haipo, na hela zinatosha, nenda, nami nitakuja kukubebea mizigo. Ila nitumie kwanza barua zote mbili za msaada wa kifedha, kurasa zote, pamoja na ile ya nyuma yenye maandishi madogo.